Mfuko Uliokoroma Kanisani

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana hapa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, hata nikinyamaza wapo watakaowasimulia, na wanasimulia vibaya: hapana, paka hakumpanda padiri kichwani. Alifika begani tu. Mikono yangu ndiyo iliyoshika mfuko alimotokea, kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kuisimulia ile aibu ni mimi, na hata leo nikiisimulia viganja vinatoka jasho.

Kazi yangu ni foto kopi. Nina kibanda kando ya barabara, mashine moja, na ubao mweusi mlangoni, na kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine (umeme ukiwepo) naandika pale jambo moja dogo la kushangaza chini ya maneno "Je, mulijua?" Naandika kwa mfano kwamba pweza ana mioyo mitatu, na watu wanaokwenda sokoni wanasimama, wanasoma, wanabishana, halafu mmoja wao anakumbuka kwamba ana karatasi ya kutoa kopi. Ndiyo sababu mtaa mzima unaniita Papa Je-Mulijua, na jina langu la ubatizo limebaki kwenye kadi ya uchaguzi tu.

Wiki ile ilikuwa na siku ya paka (ndiyo, paka nao wana siku yao duniani), nikaamua ubao wote wa wiki uwe wa paka. Jumatatu niliandika kwamba paka hasikii ladha ya sukari. Jumanne, kwamba masharubu yake ndiyo yanayompimia kama tundu litamtosha. Jumatano, kwamba akipelekwa mbali anaweza kurudi kwao peke yake. Alhamisi, kwamba paka hakoromi kwa raha tu (nasema ile sauti ya krr-krr anayoitoa akipapaswa, sisi tunaiita kukoroma ingawa yuko macho), anakoroma hata akiwa na hofu. Na Ijumaa, kwamba akiwekwa gizani anatulia kimya. Hii sikuisoma popote, aliniambia mtu wa moto, yaani pikipiki, akiwa anangoja abiria, lakini chaki ilikuwa tayari mkononi.

Sasa, paka wangu mwenyewe anaitwa Honorable, kama tunavyowaita wabunge, kwa sababu analala mchana kutwa na akiamka anadai chakula. Mke wangu, Mama Neema, anauza sambaza, vile visamaki vikavu vya ziwani, na Honorable aliisherehekea siku yake kwa kuingia kwenye beseni la sambaza na kula mpaka tumbo likagusa chini. Mama Neema hakupiga kelele, na ndipo nilipojua mambo yameharibika.

"Papa Neema," akasema, "chagula. Paka ao sambaza."

Nikachagua sambaza, nifanye nini. Kwa bahati, Papa Deo, mpishi wa mapadiri pale parokia, alikuwa analalamika kwamba panya wanamaliza maharage mu depo, stoo yao ya chakula, nikamwambia Jumapili nitamletea paka kabla ya misa. Kila mtu anajua namna ya kuhamisha paka: unamfunga ndani ya mfuko asione njia, la sivyo atarudi (ule ubao wa Jumatano).

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba Jumapili hiyo hiyo nilikuwa na mzigo mwingine, na mzigo huo haukuwa wangu.

Mama Faida ni mjane wa shirika letu, jumuiya ya wakristo wa barabara yetu. Mjukuu wake, Riziki, alilazwa hospitali mpaka tukaanza kusema kwa sauti ya chini, na katika siku zile Mama Faida alimwahidi Mungu kuku wake mwekundu, na ndiye kuku pekee aliyekuwa naye, kwamba mtoto akipona atampeleka altareni mbele ya watu wote. Mtoto akapona. Lakini magoti ya Mama Faida hayawezi kucheza ule mwendo wa matoleo, mbili mbele moja nyuma, kutoka mlangoni mpaka altareni, basi akaja kwangu.

"Papa Je-Mulijua, wewe njo utanibebea," akasema ("njo" yetu ni "ndiye" au "ndiyo"). "Uko na mikono ya kutulia. Nilimuambia Mungu batu bataiona ile kuku."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Nikumbusheni siku nyingine nisimwambie mtu asiwe na wasiwasi.)

Asubuhi ile Mama Neema akanishauri vizuri kabisa: peleka paka kwanza, rudi, halafu upitie kuku. Mimi nikaangalia ile njia ya mawe ya volkano, nikaangalia viatu vyangu vya misa, nikaona kwenda mara mbili ni ujinga. Nikamfunga Honorable ndani ya mfuko wa mchele, nikapita kwa Mama Faida, naye akanipa kuku wake ndani ya mfuko wa mchele, wa mchele ule ule, wa duka lile lile, maana sote tunanunua hapo hapo. Mama Faida akatangulia kwa moto, mimi nikafuata kwa miguu. Paka mkono wa kulia, kuku mkono wa kushoto. Nilirudia njia nzima kimoyomoyo, paka kulia, kuku kushoto, na wote wawili wametulia gizani kama yule mtu wa moto alivyosema, hata nikajisifu.

Karibu na mlango wa parokia nikakutana na muzee Kalisti, mkubwa wa shirika letu, akaninyooshea mkono. Muzee hapewi mkono wa kushoto, hiyo mnaijua. Nikahamisha mfuko wa kulia kwenda kushoto, nikamsalimu, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, na alipouachia mkono wangu kengele ilikuwa inalia na Papa Deo ananiita na funguo mkononi. Nikachukua mfuko mmoja, nikampa.

"Usiufungulie inje," nikamwambia. "Funga kwanza mulango, halafu fungua mufuko, utoke mbio."

"Njo mara ya kwanza ninaona paka?" akasema, akaenda.

Uzito haukunisaidia, maana Honorable na sambaza zake alikuwa sawa na kuku yeyote wa Goma. Nikaingia, nikakaa safu ya mbele karibu na Mama Faida, mfuko magotini. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Riziki alikuwa upande wake wa pili na nywele zimesukwa, na Mama Faida alikuwa anaugusa mfuko kidogo kidogo na ncha za vidole.

Padiri alikuwa katikati ya mahubiri nilipoisikia. Kwanza niliisikia kwa mapaja.

Krr-krr-krr.

Nikasema moyoni ni tumbo langu. Nikakaza tumbo. Krr-krr-krr. Nikasema kuku anaota ndoto. Nikaweka mkono juu ya mfuko, nikatafuta mdomo, nikakuta sikio, na lile sikio likajikunja chini ya kidole changu namna ninayoijua kila jioni. Ubao wangu wa Alhamisi ukanijia kama ulivyo, na chaki yake: anakoroma hata akiwa na hofu. Nikamwelewa yule paka siku ile kuliko siku zote, na kama ningeweza kukoroma ningekoroma naye.

Fikra ya pili ilikuwa mbaya zaidi: nilikuwa nimempa mpishi kuku. Mpishi, siku ya Jumapili, saa chache kabla ya chakula cha mapadiri.

Nikainuka nusu. Mama wa protokole, mmoja wa wale wenye ukanda kifuani wanaopanga watu kanisani, akanionyesha kwa kiganja nikae. Nikamwonyesha mfuko. Akaonyesha altare, maana yake zamu yenu itafika. Nikakaa. Ningeweza kuinama kwenye sikio la Mama Faida na kumwambia, yalikuwa maneno matatu tu, Mama, nimebadilisha mifuko. Nikamwangalia, akanitabasamia. Nikaanza kupiga hesabu za mwoga: padiri kawaida anagusa tu zawadi, anabariki, wasaidizi wanaipeleka kando, na baada ya misa ninatoka mbio kwa Papa Deo nabadilisha, hakuna atakayejua. Nilizipiga hesabu hizo mpaka mwisho wa mahubiri, na kila mara zilinitokea vizuri, kasoro jasho.

Ngoma zikaanza. Watu wa mashirika wakapanga mstari na ndizi, makala (makaa ya kupikia), maharage, nami nikaingia na mfuko wangu kifuani, nimeukumbatia kama mtoto mchanga, mbili mbele moja nyuma, nikiomba Mungu (ndiyo, nilimwomba Yeye Yeye niliyekuwa namdanganya) amnyamazishe Honorable dakika tano tu.

Halafu nikasikia kitenge kipya kinasugua mkono wangu. Mama Faida alikuwa ameinuka. Furaha ilimshika mpaka magoti yakasahau, akawa anacheza pembeni yangu, polepole, mkono juu, na watu wakaanza kumpigia vigelegele. Tukafika mbele ya padiri pamoja.

"Fungula kidogo," akaniambia. "Batu baione kichwa yake."

"Mama, tuiache vile. Itaogopa."

"Ni mimi nilimuahidi Mungu," akasema, akavuta kamba.

Likatoka sikio. Halafu sikio la pili. Halafu Honorable mzima, ambaye masharubu yake yalimwambia tundu linamtosha, akaruka kwenye kanzu ya padiri, akapanda mpaka begani (begani, nimesema), akaruka tena kwenye spika ya kwaya, akakaa pale karibu na mikrofoni na kulia mara moja, taratibu, nyau, na kanisa lote mpaka waliokaa nje wakasikia.

Ngoma zikakatika. Padiri aliniangalia mimi, akaangalia mfuko mtupu.

"Papa," akasema, "hii njo shukrani gani?"

Hapa ndipo ninapotaka ardhi inimeze hata leo. Kuna watu wakiogopa wanalia, wengine wanakimbia. Mimi, mbele ya parokia nzima, nilifungua mdomo na kikatoka hiki: "Padiri, je, mulijua kama paka anakoroma hata akiwa na hofu?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Wote walicheka isipokuwa mmoja. Mama Faida alikuwa anaangalia ndani ya mfuko, halafu akaangalia chini yake, kama kuku angeweza kuwa ameanguka.

"Na kuku yangu?" akauliza.

Nilikimbia. Nilipita katikati ya watu, nikamkuta Papa Deo amesimama mlangoni, maana hata yeye alikuwa amekuja kucheka, nikamshika shati.

"Ule mufuko uliufungua?"

"Niliutupa mu depo, nikafunga. Kulikuwa misa."

Sijawahi kupenda uvivu wa mtu namna ile. Akafungua depo, na kuku mwekundu alikuwa ameshajitoa mfukoni mwenyewe, amesimama juu ya gunia la maharage amelitoboa, anakula mali ya parokia kwa raha zake. Tulimfukuza mle ndani mpaka koti langu likawa la unga. Nilirudi naye mikononi, bila mfuko, wakati wa matangazo. Padiri akaniona mlangoni, akaniita kwa kidole, na mimi nikaanza kutembea na yule kuku mbele ya macho yote hayo. Nilipofika safu ya mbele Mama Faida akasimama njiani, mikono yote miwili mbele.

"Lete," akasema. "Nitabeba mwenyewe."

Akambeba. Zile hatua chache mpaka kwa padiri zilimchukua muda mrefu, furaha ilikuwa imeisha na magoti yamerudi, Riziki amemshika kitenge kwa nyuma, na safari hii hakuna aliyecheka wala kupiga ngoma. Mimi nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Nyumbani nilimkuta Honorable amelala juu ya kizingiti (ya Jumatano tena, mfuko haukusaidia kitu), na Mama Neema amekaa kando ya babula, jiko letu la makala, anachochea moto, habari zimeshamfikia kwa simu. Alinimwagia tu maji ya kunawa.

Jumatatu nilipofika kazini mtu alikuwa ameshaandika kwenye ubao wangu, kwa chaki yangu: Je, mulijua? Kuku hakoromi. Nikachukua kitambaa nifute, na wa kwanza kufika akawa Mama Faida, na karatasi ya hospitali ya Riziki ya kutoa kopi. Macho yake hayasomi mbali. Kila siku ananiuliza.

"Leo baliandika nini? Unisomee."

Nikamsomea. Akakaa kwenye benchi ya wateja, akafikiri.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mahubiri."

Mashine ilikuwa inapata moto, inalia. Alikunja ile karatasi, akaikunjua.

"Mahubiri yote ile ulikaa unaogopa peke yako," akasema, "na mimi niko hapa pembeni. Ungeniambia. Tungeogopa pamoja."

Nilimpa kopi yake. Tangu siku ile nabeba mfuko mmoja kwa safari moja, mvua inyeshe, viatu viharibike. Na kitu kikianza kukoroma magotini pangu, namwambia aliyekaa karibu yangu kabla ngoma hazijaanza.