Fundi Makochi na Binti Asiyependa Mbio

Mtaani walimwita Kocha, na mgeni angedhani amewahi kufundisha timu. Wapi! Alikuwa fundi wa makochi, basi watu wakalipinda neno kidogo ili lipendeze mdomoni. Kazi yake ilisifika. Ukilikalia kochi lake, sponji inakumeza taratibu, na kuinuka kunakuwa jambo la kufikiria mara mbili.

Balaa lilianzia kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Muuguzi aliyealikwa kuzungumza alisema vijana wanakaa mno. "Wakitoka darasani ni kochini, wakitoka kochini ni kitandani. Asiyependa michezo ya timu, mwacheni ajaribu ya mtu mmoja mmoja, hiki na kile, mpaka apate kinachomkaa moyoni."

Alipotamka "kochini," ukumbi mzima uligeuza shingo. Nusu ya wazazi mle walikuwa wateja wa Kocha. Yeye akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Nyumbani alimkuta bintiye wa miaka kumi na mitano amejilaza chali, miguu juu, simu puani.

"Mama, kuanzia kesho wewe ni mwanamichezo."

"Wa mchezo gani, baba?"

"Wowote."

"Huo siujui."

Kesho yake Kocha alinunua suti ya michezo, ya kwake mwenyewe, pamoja na filimbi. Asubuhi alisimama langoni akapuliza mpaka majirani wakafungua madirisha. Binti alikimbia hadi kwenye kona, akarudi akitembea huku watoto wa jirani wakimzomea.

"Mbona hukimbii?"

"Na wewe mbona hukimbii?"

"Mimi nasimamia."

Mbio zikafa siku hiyo hiyo. Ikaja kamba ya kuruka, ile aliyofungia makochi kwenye mkokoteni, nene na nzito kama nyoka aliyeshiba. Kisha mpira wa meza. Kocha aliondoa vitambaa kwenye meza ya karakana, akamwita mwanagenzi wake acheze na binti, naye akajipa kazi ya mwamuzi. Akaketi kwenye kochi la mteja ili aone vizuri. Kabla mchezo haujachangamka, mwamuzi alikuwa anakoroma.

Mkewe alimwamsha. "Mwenzangu, nyani haoni kundule. Unamfukuza mtoto kwenye kochi ili ulale wewe?"

"Nilikuwa nafikiri," alisema Kocha, akifuta mate.

Alichokuwa akifikiri kilijulikana Jumamosi: bwawa la kuogelea la klabu ya wafanyakazi. Mwalimu wa pale alikuwa dada mwenye mabega mapana na maneno machache. Binti aliingia majini polepole, akishika ukingo kwa mikono yote miwili. Kocha akatembea kando ya bwawa na suti yake na filimbi yake.

"Piga miguu! Legeza shingo! Maji hayana meno, mama!"

Alikuwa akirudi kinyumenyume ili amwone vizuri. Ukingo ukaisha, yeye hakuisha, akatumbukia. Suti ya michezo ikanywa maji yake yote, na Kocha akaanza kurusha mikono hewani akiita mkewe, mama yake mzazi, na mwenye klabu.

"Simama, mzee," alisema mwalimu.

"Nazama!"

"Simama tu."

Akasimama. Maji yalimfika kifuani.

Bwawa zima lilicheka. Binti naye alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Alipomwona baba yake anatetemeka midomo, akanyamaza, akamwendea akamshika mkono wa suti.

"Baba, uliogopa kweli?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Basi hivyo ndivyo ninavyoogopa mimi ukipuliza filimbi, watu wote wananitazama."

Kocha alivua filimbi, akamkabidhi mwalimu kama mtu anayesalimisha silaha.

"Tufanyeje sasa?" akamwuliza binti.

"Nijaribu mwenyewe. Kikinishinda, nijaribu kingine. Na wewe ujifunze kuogelea, usije ukafa."

Hivyo Kocha akaandikishwa kundi la wanaoanza, yeye na watoto wasio na meno ya mbele, kila mmoja akikumbatia boya. Huko alipata adabu. Kichwa kikiwa majini, mtu hahubiri. Akijaribu kushauri, anameza.

Binti aliacha kuogelea baada ya muhula mmoja. Hakupenda kushindana mbio hata majini. Lakini alikuwa akiutazama ubao mrefu wa kujirushia majini, kule upande wa kina kirefu, na siku moja akaupanda bila kuambiwa na mtu. Alianguka vibaya. Akapanda tena.

Kwenye mashindano ya shule alijirusha akatua kwa tumbo, kishindo kikasikika hadi barabarani. Akawa wa mwisho. Kocha aliinuka kitini, akafungua kinywa, mkewe akamvuta shati. Akakifunga.

Binti aliibuka, tumbo jekundu, akamwuliza mwalimu, "Naweza kurudia?"

"Mashindano yamekwisha."

"Najua. Naweza kurudia?"

Wazazi walikuwa wameshaanza kukusanya mikoba yao. Yeye alikuwa kwenye ngazi ya ubao, maji yakimchuruzika visiginoni, akipanda.