Kamera ya Lucky Summer na Shingo ya Muoki

Saa moja na nusu asubuhi Phelister Khavere anainua mkono mbele ya geti la kiwanda cha kuyeyusha chuma, katika mtaa wa Lucky Summer, na lori linasimama. Mkono ule mwingine umeshika kikombe cha chai. Hamwagi hata tone.

"Pole pole, baba. Kama umebeba mayai," anamwambia dereva.

Lori linapita katikati ya nguzo mbili za manjano. Zikinyamaza, linaingia kwa mizani. Zikilia, watu wote wanakasirika, na wanamkasirikia yeye.

Kazi yenyewe ilibidi anieleze mara tatu. Kuna vipande vinakuja na skrapu, vyuma chakavu vya kuyeyushwa, vikiwa na kitu ndani kinachotoa mionzi ya gamma. Jicho haliioni, pua hainusi. Mashine kuukuu ya kupimia barabara, kwa mfano, ikiingia kwa tanuru, chuma yote ya siku hiyo imeharibika, na watu pia.

Sasa zile nguzo zinapima mionzi, lakini zinajua tu kuna kitu. Hazijui kiko wapi. Ndiyo mwaka jana wakaleta kamera, kasanduku kama redio ya mzee. Ndani kuna kipande kama kioo. Mionzi ikikigonga kinatoa kamwanga kadogo sana, na kompyuta inapiga hesabu imetoka upande gani. Kwa skrini unaona picha ya kawaida, na doa jekundu mahali penye shida.

Phelister ana miaka arobaini na tatu na anaishi Kaloleni na binti yake, Clare. Alianza hapa kama karani wa mizani. Wakati wa kusomea mashine, wanaume wawili walikataa.

"Waliogopa watakosa watoto," anasema akicheka. "Mimi wangu nilikuwa naye tayari."

Mwezi uliopita nguzo zililia kwa lori la tani saba lililoendeshwa na Muoki, mzee wa Makadara. Kipimo cha mkono kikaonyesha mionzi ni kidogo, watu wanaweza kukaribia. Phelister akaweka kamera nyuma ya lori. Doa likatokea pembeni kabisa mwa picha, upande wa kabini. Kwa miaka sita amefundishwa shida inakuja na skrapu. Akasema mzigo ushushwe.

Watu wanne, kwa muda wa saa tatu na nusu, kipande kwa kipande. Hakuna kitu.

"Mama Clare, mashine yako imelewa," akasema Willis, mkubwa wa wapakuaji. "Ipatie supu."

Muoki hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya tairi, skafu shingoni, na jua lile! Akavuka barabara kutafuta chai. Phelister akapima lori tena: kimya. Muoki akarudi, kipimo kikaanza kulia.

Akawaambia wengine waende wakale. Akageuza kamera. Doa likakaa kwa shingo ya Muoki.

"Umetoka hospitali?"

"Mama Clare, funga hiyo kitu."

Siku nne kabla alikuwa amemeza dawa ya goita, ule uvimbe wa shingo, na dawa hiyo yenyewe inatoa mionzi. Hospitali ilimwambia akae kando na watu kwa muda. Lakini mwenye lori alishawahi kuachisha dereva kazi kwa sababu ya ugonjwa, kwa hivyo yeye akanyamaza, akafunga skafu.

"Ukiandika, usukani umeenda," akasema.

"Nyumbani unalala na nani?"

"Na mjukuu."

"Na yeye nani amemwambia akae mbali na wewe?"

Phelister akaandika: mzigo safi, mionzi ni ya dawa, kwa mwili wa dereva. Halafu akampa Muoki simu yake. "Mpigie mwenye lori wewe mwenyewe. Mimi nikimpigia, itakuwa nimekushtaki."

Mwenye lori akasema, "Kaa nyumbani. Lori nampa Muindi, yule dereva mwingine."

"Kwa muda ama kabisa?" Muoki akauliza.

"Tutaona."

Leo Muoki amepona. Usukani bado uko na Muindi.

"Ilikuwa lazima niandike," Phelister anasema. "Lakini si haki mtu akose kazi kwa kutibiwa."

Ameandika barua. Inaomba wenye malori waahidi hivi: dereva aliyekunywa dawa kama hiyo aseme mapema, apumzike, na kazi yake imngoje. Meneja wa kiwanda, Mureithi, alimwambia, "Niletee sahihi ishirini za wenye malori, nitaifanya sheria ya geti." Kila Jumamosi Phelister anazunguka yadi za malori, moja moja, kwa miguu. Amepata kumi na moja.

Mwenye lori la Muoki amekataa mara mbili.

"Jumamosi hii narudi," anasema. "Na siendi peke yangu. Naenda na Muoki. Amnyime sahihi akimwangalia machoni."