Pumzi ya Baba Kwenye Chupa

Enzi zetu, nyinyi mliosoma nami kwenye vilima vya Mbinga wakati vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinaanza, bila shaka mnaikumbuka baridi ya mwezi wa saba. Tulikwenda shule pekupeku, jembe begani kwa ajili ya shamba la shule, vidole bado vinanukia kiporo cha ugali na usipa, dagaa wa ziwani kwetu. Miguu ilipasuka, tukaipaka mafuta ya nyonyo, tukaingia gwaride. Siku hizi mtoto akikosa soksi, baba yake anapigiwa simu.

Sayansi tulifundishwa na Mwalimu Athumani, kijana wa Tanga aliyevaa makoti mawili kwa mpigo. Siku moja alisimama mbele yetu akasema kwamba mwili wa mmea wa mahindi hautoki udongoni, unatoka hewani. Jani, alisema, linavuta hewa ile tunayoitoa sisi puani, linaichanganya na maji kwa nguvu ya jua, linapata sukari, na sukari hiyo ndiyo inayokuwa bua na punje. Sisi tukila ugali, mwili unauchoma polepole, na hewa ile ile inatoka tena puani. Nywele zilinisimama. Ina maana jana nilikula pumzi za watu?

Nilipolisema nyumbani, baba aliweka chini bakuli la uji. Alikuwa mkulima wa ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani ambayo nyasi hufyekwa, zikafukiwa kingoni zioze, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kazi hiyo.

"Hewa?" alisema. "Na huu udongo ninaoupindua tangu ujana wangu, ni wa kuchezea?"

Asubuhi alinifuata shuleni akikohoa njia nzima, maana kikohozi cha baridi kilikuwa hakijamwacha.

Mwalimu hakubishana naye. Alikuwa na chupa za maji ya chokaa, ile chokaa iliyobaki tulipopaka mawe ya njia ya shule kwa Sabasaba. Ilikuwa imetuama, na maji ya juu aliyoyamimina yalikuwa safi kama ya chemchemi. Alimpa baba mrija wa tete. "Pulizia humu, Baba Oresta, uione hewa yenyewe."

Baba akapuliza. Maji yakageuka meupe kama maziwa! Tulipiga kelele darasa zima. Baba aliitazama ile chupa, akaweka mrija mezani taratibu, akatoka bila kuaga, mwalimu hajapata hata nafasi ya kueleza.

Tuliobaki tulipuliza kwa zamu, na maji ya kila mmoja yakawa vilevile. Tulicheka sana siku ile. Lakini jioni nilimkuta baba amekaa na baba mdogo, anamwonyesha mipaka ya mibuni yetu. Chakula hakukigusa.

"Kifua changu kimeoza," alimwambia mama. "Nimeonyeshwa mbele ya watoto. Kahawa hutaiweza peke yako. Oresta aache shule kuanzia kesho."

Nikadakia, "Baba, hata mimi nimepuliza, maji yakawa meupe!"

Loo, bora ningenyamaza! Baba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Kumbe na mtoto nimeshamwambukiza."

Kesho yake nilishinda napalilia kahawa huku machozi yananitoka. Niliipenda shule kuliko kitu chochote, nayo ilikuwa imekwisha hivi hivi, kwa pumzi moja. Baba alilala ndani, hali, hanywi. Wenzangu walipomweleza mwalimu, alipanda mlima mbio na kapu la chupa, makoti yote mawili yakipepea.

"Shikamoo mzee. Nisamehe, sikujua umelichukua hivyo."

Akapuliza yeye kwanza. Maziwa. Mama naye, maziwa. Bibi, asiye na jino hata moja, maziwa. Baba hakuridhika. Akaagiza aitwe katekista, mtu ambaye kijiji kizima hakijawahi kumsikia akikohoa. Katekista alipuliza kwa kifua chote. Maziwa!

Baba aliketi kitandani, macho yamemtoka. "Kwa hiyo sote tunatoa kitu hiki?"

"Sote, mzee. Ndio ugali wa jana huo, unarudi kwenye majani."

Baba aligeuka kuitazama mibuni yake nje, na hapo akashtuka upya, kuliko mara ya kwanza. "Ina maana hata nikikaa hapa napumua tu, nalima?"

"Kaa basi, tuone utakula nini," mama akasema, akaenda kusonga ugali. Nami nikarudishiwa shule yangu.

Juzi nilimsikiliza mjukuu wangu wa darasa la saba akikariri somo lile lile. Usanisinuru, upumuaji, kabonidayoksaidi, yote sawasawa, simu mkononi, muhogo mdomoni. Nikamwuliza, "Na hukushtuka?"

"Nishtuke nini, bibi? Hizo ni maksi za bure."

Maksi za bure! Wazazi wetu wengi hawakujua kusoma, lakini jambo likiwaingia, liliwaingia kweli, likawalaza kitandani. Hawa wetu wanajua kila kitu na hakuna kinachowagusa. Nilibaki namtazama anavyotafuna na kupumua, na majani huko nje yakimpokea, na nyumba nzima hakuna aliyepigwa na butwaa isipokuwa mimi.