Mikono Iliyobambuka Nyumbani Kwetu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Malindi ngozi ya vidole haikubambuka bure. Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Hawe kwa Kigiriama, alishikilia kwamba mtu akiitamani mikono ya mwenzake, jicho lake huila polepole, kuanzia kwenye ncha za vidole. Na miguu nayo ikibambuka, basi mwenye jicho yumo ndani ya nyumba hiyohiyo.

Nilimwamini, tena nilikuwa na sababu. Kadzo alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Vitengeni.

Kadzo alikuwa binti wa marehemu mjomba wangu. Mama yake alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akamwacha mikononi mwa mama yangu. Alinizidi umri kidogo, mrefu, mkimya, na kazi haikumtisha. Mama alifua mashuka ya nyumba za wageni. Tukitoka shule, Kadzo aliingia pekupeku kwenye beseni kubwa, akayakanyaga mashuka, kisha akayasuuza kwa mikono katika maji yenye ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Kazi yangu ilikuwa kumpokeza mama vibanio vya kuanikia.

"Mashuka ya mtoto huyu yanang'aa," mama aliwaambia majirani. "Sijui nilikuwa naishije kabla hajaja."

Maneno hayo yalinichoma. Kabla hajaja nilikuwepo mimi. Nilianza kuona kila kitu: mama akimsuka Kadzo kwanza huku mimi nangoja na kitana mkononi, mama akimwekea minofu ya samaki, akidai eti amechoka. Nilimtazama Kadzo akila, akicheka, akilala. Nadhani hakuna mtu niliyewahi kumtazama sana kama yeye.

Kisha vidole vyake vikaanza kubambuka, vya mikono na vya miguu. Hawe alimwita barazani.

"Nani anakutazama sana, mwanangu?"

"Sijui, Hawe."

Hawe alichukua chumvi na pilipili kavu, akamzungushia kichwani, akashuka nazo mpaka nyayoni, akazitupa kwenye jiko la makaa. Pilipili ikiungua, watu wote hukohoa mpaka machozi. Siku ile hakukohoa mtu, na kwa Hawe hiyo ndiyo ilikuwa dalili.

"Jicho lipo," alisema. Hakusema la nani. Alinigeukia tu. Nilijaribu kukohoa, koo likakataa.

Akaifunga mikono ya Kadzo kwa vitambaa laini, akaagiza isionwe na mtu wala isiguse kazi mpaka ngozi irudi. Basi nikaingia beseni mimi. Maji yaliniwasha, lakini nilikanyaga kwa nguvu zangu zote mpaka mashuka yakawa meupe kama ya Kadzo.

"Sidi wangu," mama akasema, akiniita kwa jina, "kumbe na wewe unaweza."

Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Vidole vya Kadzo vilipona, Hawe akaisifu dawa yake. Lakini vyangu vikaanza. Ngozi ya kidole gumba ilijikunja kama ganda la kitunguu, halafu ikachunika katikati ya vidole vya miguu. Nilificha mpaka siku moja mchuzi wa ndimu ulipoingia kwenye vidonda na sima ikaniponyoka.

Hawe alichoma chumvi na pilipili tena, na tena hakukohoa mtu. Safari hii alimtazama Kadzo.

"Huyu arudi Vitengeni kwa baba yake mdogo," alisema. "Nyumba haikai na watoto wanaolana kwa macho."

Kadzo aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake. Nilichokuwa nakiomba moyoni kilikuwa kinatendeka mbele ya macho yangu, lakini sikufurahi.

Mama alitoka uani, mikono bado imelowa. "Mama," alimwambia Hawe, "nitazame na mimi."

Alinyoosha mikono yake kwenye mwanga wa mlango. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, laini, zimefutika mistari yote, na pembeni ngozi inaning'inia.

"Hii ni miaka sasa. Mimi nani ananionea kijicho?"

Hawe aliishika mikono ya bintiye, akaigeuza huku na huku. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, tungekula nini?"

Kesho yake tulikwenda zahanati sote. Muuguzi aliuliza mengi: sabuni gani, dawa gani ya kufulia, viatu vya plastiki vinavyoshinda vimelowa, nani mwingine nyumbani anawashwa. Alisema ukavu wa upepo wa kaskazi nao huweza kubambua ngozi, fangasi huweza, hata mtoto kunyonya vidole, ila kwetu tuanze na yale maji ya kufulia. Alitupa mafuta ya kupaka, akamwambia mama atafute glavu za mpira. Watoto tukakatazwa beseni. Kadzo akazirudisha nguo zake kabatini, wala Hawe hakutaja tena Vitengeni.

Sasa Kadzo anaishi Kilifi na ana watoto wake. Juzi alipokuja kunitembelea nilimuuliza kama kweli alinionea kijicho.

"Siku mama yako alipokuita Sidi wangu," alinijibu, "mimi sikuwa na wa kuniita wake. Kama jicho lingekuwa na nguvu ya kula mtu, Sidi, ungebaki mifupa."

Tulicheka sana. Lakini alipoondoka nilibaki nikiwaza kwamba Hawe hakukosea yote. Kijicho kilikuwemo nyumbani mle, tena cha watu wawili. Sisi tuligombea neno moja zuri kutoka kwa mama, tukachunguzana mpaka usingizini. Usoni mwake tulitazama kila siku kuona leo anamchekea nani. Mikono yake hatukuitazama.