Mawese Kwenye Nati ya Mtungi

Baba mkubwa Anselmo alikuwa mkata vyuma katika karakana moja karibu na stesheni ya Mpanda. Likizo nilikuwa nampelekea uji, nikibaki kidogo kumtazama, maana sikuchoka kushangaa moto unaopita kwenye chuma kama kisu kwenye muhogo.

Kabla ya kuwasha, alisugua mikono kwa majivu, akaipangusa kwa kitambaa kikavu. Kisha alifungua mitungi polepole, wa gesi na wa oksijeni, na kukaza skurubu huku akitazama mishale ya geji za kupimia msukumo: gesi ratili tano, oksijeni ratili thelathini. Niliuliza kwa nini gesi asiiongeze ili amalize mapema. Akasema gesi ikipita ratili kumi na tano inaweza kulipuka yenyewe, hata moto usiwepo. Na oksijeni, je? Akasema hiyo haina neno, ila haipatani na mafuta, hata tone.

Rafiki yake Othmani, mtu wa Karema huko ziwani, alimtania kwamba anaibembeleza mitungi kuliko anavyombembeleza mkewe. Othmani alikuwa mbeba vyuma, mwaka wake wa kwanza karakanani. Kwao kitu kikikwama, bawaba au kasia, hupakwa mafuta ya mawese.

Masika ya mwaka 1954, nati inayofunga geji kwenye mtungi wa oksijeni ilikuwa nzito kukaza. Baba mkubwa alipoitwa ofisini, Othmani alitaka kumsaidia. Akaipaka mawese, akaikaza vizuri, akafurahi. Baba mkubwa akarudi, akafungua mtungi, akainamisha uso kuutazama mshale. Mlipuko ulisikika hadi sokoni.

Macho yote mawili yaliungua.

Siku ya nne Othmani alikuja hospitali, akapiga magoti kando ya kitanda akasema yote. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la maji. Othmani alikuwa na watoto sita. Baba mkubwa alimwambia anyamaze, aende nyumbani.

Kesho yake akaja nyapara Silvesta na karatasi. Alieleza wazi: kama kosa ni la mwingine, huyo atafukuzwa na Anselmo atalipwa fidia ya macho yake. Kama kosa ni lake mwenyewe, hakuna fidia.

"Ni mimi," akasema baba mkubwa. "Nilipaka mawese."

Silvesta alimtazama sana. "Wewe, Anselmo? Wewe uliyenifukuza mimi, nyapara wako, kwa sababu ya kitambaa chenye grisi?"

"Andika hivyo hivyo, bwana."

Akaandika.

Mama mkubwa Marsela hakuambiwa. Alilima shamba lao la Kawajense peke yake, akauza karanga, na mwanaye mkubwa akaacha shule. Othmani alibaki na kazi, lakini kila alipopita mlangoni petu alitazama chini. Mvua zilipokwisha alishindwa kuvumilia. Aliacha kazi mwenyewe, akafunga mizigo kurudi Karema na watoto wake, na siku ya kuondoka akaingia ndani akamwambia Marsela ukweli.

Tulikuwa tunakula. Mama mkubwa alimsindikiza Othmani hadi njiani kwa adabu, akarudi, akakaa. Hakupandisha sauti.

"Watoto wa Othmani uliwahesabu, sita. Wa kwangu ulihesabu wangapi?"

Baba mkubwa alisema kwamba Othmani alikuwa anamsaidia tu, hakujua, na mtu asiyejua utamfukuzishaje kazi.

"Hilo nimelisikia. Nimekuuliza wa kwangu."

 Mkono wa baba mkubwa uliendelea kuutafuta mchuzi kwenye sahani. Mama mkubwa alimsogezea bakuli mpaka vidole vikagusa, kisha akachukua jembe akaenda shambani, na jua lilikuwa la saa saba.