Madawati Yaliyomtangulia Mkaguzi

Ofisi ya mratibu elimu kata ilikuwa haina jengo. Mwalimu Theopista alikuwa nayo mwilini: muhuri kwenye pindo la kanga, na mgongoni Agape, mtoto wa miezi minane. Kila asubuhi akipanda baiskeli kwenda kwenye shule zake mbili, Mlimani na Mtakuja, wanawake wa kisimani walisema, "Ofisi hiyo inapita. Leo inalia."

Mwaka 1996 barua ikaja kutoka Mpanda mjini: shule isiyo na madawati thelathini isiandikishe darasa la kwanza, na mkaguzi angekuja kuhesabu. Theopista alikuwa nayo thelathini kamili, ila kwa shule zote mbili. Mtakuja ikifungiwa, watoto wa miaka saba wangetembea kilomita tano mpaka Mlimani, wakipita bonde la nyati.

Akamfuata mzee Ng'washi, Msukuma mwenye mkokoteni wa ng'ombe.

"Baba, mkaguzi ataanza Mlimani, halafu atakula kuku. Akianza kula tu, wewe pakia, pita njia ya bondeni."

"Anakula haraka?"

"Nitachinja jogoo mzee."

Siku ikafika. Pale Mlimani, mkaguzi Bwana Shadrack alikaa dawati la mbele kupima uimara wake. Alipoinuka, kitu kikalia *chwaa*. Msumari ulikuwa umemchania suruali ya kaki, nyuma. Akaziba kwa faili, akaenda kupambana na jogoo. Alitafuna mpaka jasho likamtoka, kisha Landrova yake ikawazungusha, yeye na Theopista, kwa njia ndefu ya darajani.

Pale Mtakuja, madawati thelathini yalikuwa yamepangwa. Nje ng'ombe walikuwa wanahema.

"Mbona yana vumbi hivi?" Shadrack akauliza.

Theopista akamshusha Agape, akamnyonyesha. Mkaguzi kwa heshima akatazama dari. Swali likapita. Akauliza jingine, Agape akanyonya tena, mpaka akacheua.

Shadrack akafika dawati la mbele, akainama, faili bado liko nyuma. Kwenye msumari kilining'inia kipande cha kaki.

"Mratibu."

"Abee."

"Mimi nimekuja na Landrova. Suruali yangu imekuja na nini?"

Theopista akampa mtoto ziwa. Agape, ameshiba, akageuza uso.

"Imekuja na ng'ombe, mzee. Madawati nimeyahamisha mimi. Ila watoto wa hapa sikuwaazima popote. Wakienda Mlimani wanapita kwenye nyati. Adhabu niandikie mimi, wao waache wasome hapa."

Mkaguzi akakichomoa kipande cha kaki.

"Una sindano?"

"Nina pini ya nepi."

Mkaguzi akageuka, akabanwa suruali kwa pini. Kisha akakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, taratibu, akaandika: shule zote mbili ziandikishe, madawati mengine thelathini yatengenezwe kabla ya Pasaka, mratibu apewe onyo.

"Muhuri," akasema.

Theopista akafungua pindo, akaligongea muhuri onyo lake kwa mkono wake mwenyewe.

Landrova ilipoondoka, nepi ya Agape ilikuwa imeshuka magotini. Ng'washi akasogea.

"Amesemaje?"

"Wataandikishwa, baba. Yeye atarudi Pasaka, na pini yetu kaondoka nayo."

Ng'washi akawatazama ng'ombe wake, ndimi nje.

"Basi Pasaka chinja jogoo kijana, mama. Hatutakuwa na haraka."