Suruali Pana ya Laurian Yafika Mungaa

Saa moja asubuhi, Laurian Mughwai anapiga pasi ya mkaa barazani, Singida mjini. Cherehani yake bado imefunikwa. Suruali anayoinyoosha si ya mteja. Ni yake, na mguu mmoja ungewatosha watu wawili.

"Fundi, unakwenda kumlaki Gavana?" anamtania Paskali, muuza chumvi wa jirani.

"Gavana hana kama hii."

Mwaka huu wa 1955, vijana wanaorudi kutoka mashamba ya mkonge wanamwita maridadi, nao humlipa shilingi nne awashonee kama yake. Wazee wanamwita mhuni. Laurian hanywi pombe, na Jumapili hakosi kanisani. Hayo hayajamwondolea jina.

Nusura akose mke. Mwezi Machi alikwenda kijijini Mungaa kujitambulisha kwa Mzee Alute, baba wa mchumba wake Felista. Alipopewa kigoda, alitoa leso mfukoni, akaitandika, ndipo akaketi. Mjini maridadi hulinda nguo hivyo. Mzee Alute aliinuka, akaenda kutazama ng'ombe wake, asirudi.

"Aliniambia nyumba yangu chafu, mbele ya mke wangu," anasema mzee huyo. "Suruali sikuijali. Hata angevaa shuka."

Laurian alirudi mjini bila kujua kosa lake, mpaka Magdalena, dada wa Felista, alipomfuata sokoni.

"Aliniuliza, 'Shemeji, kile kigoda ulikiona kina nini?' Nikaelewa palepale. Nilijua nimeshamkosa Felista."

Mwezi Juni alirudi Mungaa bila kuitwa. Ukoo ulikuwa ukisiriba kiwanja cha kupuria uwele kwa samadi mbichi ya ng'ombe. Alikuja na suruali ileile.

"Ningevaa matambara, wangesema naigiza."

Aliwaamkia wazee shikamoo, akakunja suruali hadi magotini, akachota samadi kwa mikono. Kila alipoinama, mguu mmoja ulikunjuka na kuburuta chini.

"Mwacheni shemeji!" Magdalena akapaza sauti. "Suruali inasiriba kutushinda!"

Wanawake walicheka. Mzee Alute hakucheka. Kazi ilipokwisha, alimletea Laurian kigoda. Fundi akarudi nyuma, samadi imemjaa mpaka viwikoni.

"Baba, nitakichafua."

"Keti. Kitaoshwa."

Akaketi. Mzee akamwambia awalete wazee wake wazungumze mahari.

"Nilishusha pumzi," anasema Laurian. "Tangu Machi nilikuwa nimeibana."

Mahari imekwisha kukubaliwa, na leo anakwenda Mungaa kupanga siku ya ndoa. Je, ataipunguza suruali kwa ajili ya wakwe?

"Mzee hajaniomba. Felista ndiye mwenye sharti. Anataka siku hiyo watu wamtazame yeye, si mimi."

Anainua pasi, anapuliza majivu.

"Nimekubali. Kesho naanza gauni lake."